Kubisha Hodi Katika Visiwa vya Wahaida

Leo nitawaeleza habari za safari za merikebu ndogo katika nchi ya mbali, nchi ya Kanada, upande wa magharibi, kwenye Bahari ya Pasifiki. Huko, yapata kilomita 100 kutoka bara, viko visiwa vingi vyenye misitu mikubwa na mvua nyingi. Wenyewe ni Wahaida. Mwaka 1787 nahodha Mwingereza, George Dixon, alivipa visiwa hivyo jina la merikebu yake, Queen Charlotte. Bali mwaka 2010 jina hilo liliondolewa rasmi, vikaitwa Haida Gwaii, maana yake Visiwa vya Wahaida.

Sehemu ya kusini ya visiwa hivyo huitwa Gwaii Haanas. Haina barabara ya kuifikia. Atakaye kwenda hana budi kwenda kwa chombo cha majini, au kwa ndege itumiayo maji kuwa uwanja wake. Na mahali pa kutua pwani ni hori nyembamba zenye miamba, ambapo maji hupwa na kujaa kwa nguvu. Merikebu kubwa haifai hapo. Merikebu ndogo hutia nanga mbali kidogo, na wageni hushuka kwa mashua za mpira.

Lakini hawashuki hivi hivi. Katika vijiji vya kale wako walinzi, Wahaida wenyewe, wakaao huko wakati wa kiangazi. Kazi yao ilianza katika mwaka 1981. Mgeni huwaita kwanza kwa simu ya upepo kuomba ruhusa, kisha hungoja jibu. Je, hiyo siyo hodi yetu? Tena hawaruhusiwi wageni zaidi ya 12 pwani kwa wakati mmoja. Kundi la pili lazima lingoje mpaka la kwanza liondoke. Kwa sababu hii merikebu yenye watu mamia haina faida huko.

Sasa mtauliza, walinzi hao hulinda nini? Katika kijiji cha SGang Gwaay zimesimama nguzo kubwa za mwerezi, zilizochongwa sura za wanyama na ndege. Nguzo nyingine zilikuwa makaburi ya wakuu. Kila sura ina maana: Wahaida wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na mtoto hufuata upande wa mama yake. Hivyo ajuaye kusoma nguzo husoma nasaba ya watu. Mwaka 1981 kijiji hicho kilitiwa katika orodha ya UNESCO ya mahali penye thamani kwa ulimwengu wote.

Kijiji hakina wenyeji leo, na sababu yake ni ya huzuni. Mwaka 1862 ugonjwa wa ndui ulitoka mji wa Victoria, ukaenea pwani yote. Wahaida walikuwa maelfu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini hawakufika elfu moja. Waliosalia walihama, wakakusanyika katika vijiji viwili vya kaskazini. Nguzo zikabaki katika mvua. Baadhi zilichukuliwa mwaka 1957 zikawekwa katika nyumba za makumbusho. Zilizobaki zinaoza polepole. Wahaida hawaoni ubaya. Kwao nguzo ni kama mtu: huzaliwa, husimama, na mwisho hurudi udongoni.

Baharini nako kuna mambo ya ajabu. Nyangumi hupita, na manahodha wameamriwa wasimkaribie mno, maana kelele za mashine humsumbua akila au akinyonyesha. Yuko pia ndege mdogo ambaye Wahaida humwita SGin Xaana. Yapata nusu ya ndege wote wa aina hiyo duniani huzaa katika visiwa hivyo. Hutaga mayai katika mashimo chini ya mizizi ya miti, na makinda, wakiwa na umri wa siku mbili au tatu tu, hutoka usiku na kukimbilia baharini wanakosikia sauti za wazazi wao. Taa kali ya merikebu yaweza kuwapoteza. Basi baharia mwema hufunika taa zake. Adui mwingine ni panya walioletwa na merikebu za zamani, ambao hula mayai na makinda. Tangu mwaka 2011 Wahaida na serikali wamefanya kazi ya kuwaangamiza katika baadhi ya visiwa.

Mambo haya hayakuhifadhika kwa bahati. Mwaka 1985 wakataji wa magogo walipotaka kufyeka misitu ya kisiwa cha Lyell, Wahaida walisimama njiani. Watu 72 walikamatwa, wakiwamo wazee. Mwaka 1987 ukataji ulikomeshwa, na mwaka 1993 Wahaida na serikali ya Kanada walipatana kuitunza nchi hiyo kwa pamoja. Mwaka 2013 nguzo mpya ikasimamishwa huko, ya kwanza kwa muda wa miaka zaidi ya 130. Juu yake wamechongwa watu walioshikamana, ukumbusho wa wale waliosimama njiani.

Basi, wasikilizaji, angalieni tofauti. Merikebu za kwanza zilileta biashara, lakini zilileta na panya na maradhi. Merikebu ndogo za leo zaweza kuleta faida, iwapo waliomo watapiga hodi, watashuka wachache, na kusikiliza masimulizi kutoka vinywani mwa wenyewe. Mgeni aingiaye namna hiyo huondoka na elimu, naye mwenyeji hubaki na nchi yake. Nanyi mnaokaa pwani au kando ya maziwa, ambako wageni huja kutazama, fikirini: ni nani atakayewapokea, na atawaambia nini?