Maji Yaliyo Chini ya Mchanga: Maisha ya Kijiji cha Ukambani

Msafiri apitaye katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kuiacha milima ya Machakos, huona upande wake wa kushoto nchi pana ya vichaka na udongo mwekundu, na kwa mbali uwanda mrefu wa Yatta uliolala kama ukuta. Hiyo ni Makueni, na ng'ambo ya mto Athi ni Kitui. Akipita mwezi wa Septemba au Oktoba, huenda akashangaa jinsi watu wawezavyo kuishi mahali kama hapo, maana mito mingi aivukayo haina maji hata tone, ila mchanga mtupu. Lakini akisimama darajani akatazama vizuri, ataona punda wamesimama katikati ya mto mkavu, na kando yao watu wameinama wakichota.

Kijiji cha Ukambani si kama vijiji vya pwani, ambako nyumba zimesongamana na jirani husikia mlango wa jirani ukifungwa. Huku kila mji umesimama peke yake juu ya shamba lake, na miji kadhaa iliyo jirani ndiyo Wakamba waiitayo utui. Utui aghalabu una kanisa, shule ya msingi, na duka moja au mawili yenye kuuza sukari, sabuni na vocha za simu. Nyumba nyingi sasa ni za matofali na bati, na mwenye uwezo huweka mfereji ukingoni mwa paa ili maji ya mvua yaingie katika tangi. Wanaume wengi wamekwenda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa, na hurudi mwisho wa mwezi au wakati wa Krismasi. Kwa hiyo mtu atakaye kujua mambo ya utui yanavyokwenda, na awaulize wanawake. Na jambo la kwanza watakalomwambia ni habari ya maji.

Mvua za huko ni mbili. Zile za Oktoba hata Desemba ndizo za kutegemewa zaidi; zile za Machi hata Mei mara nyingi hudanganya. Mvua ikinyesha milimani, mto hushuka kwa kishindo, na baada ya siku chache, pengine saa chache, umekwisha. Yaliyobaki yamejificha mchangani. Mara baada ya mvua, mtu hufukua kwa mikono tu akayapata. Kiangazi kikiendelea, shimo huzidi kwenda chini hata likapita kimo cha mtu, na yule aliye ndani humpa mwenzake kibuyu kwa kibuyu. Maji hutoka polepole, kwa hiyo wengine huamka usiku wa manane ili wawahi zamu. Shimo huzungushiwa miiba ili mifugo isiingie. Punda mmoja huchukua mitungi minne ya lita 20, na hayo ndiyo maji ya kupika, kunywa, kufua na kuwanyweshea ndama. Msichana atumwaye mtoni alfajiri mara nyingi hufika shuleni kengele imekwisha kulia.

Kwa sababu hiyo watu wa Kitui na Makueni wamejifunza kuuongeza mchanga. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto mahali ambapo mwamba uko karibu. Msingi lazima ukae juu ya mwamba wenyewe, la sivyo maji yatapita chini yake na kazi yote itakuwa bure. Mto unapofurika, mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, na matope mepesi hupita juu yake. Baada ya misimu michache mahali pote pamejaa mchanga hata juu. Mtu asiyejua angesema bwawa limeharibika, kumbe ndipo limekamilika! Katikati ya chembe za mchanga mna nafasi, na robo ya ujazo wake au zaidi huweza kuwa maji. Jua haliyafikii, mbu hawapati mahali pa kuzaa, na mchanga wenyewe huyachuja. Hata visima vilivyo kando ya mto huongezeka maji. Katika Kitui, shirika la SASOL limejenga na wananchi mamia ya mabwawa ya namna hii tangu miaka ya 1990.

Lakini shirika huleta saruji na fundi. Mawe, mchanga na jasho ni vya wenyeji. Hapo ndipo mwethya huonekana. Huo ni umoja wa majirani wa kufanya kazi kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Wao huponda mawe wiki nyingi kabla ya fundi kufika. Asiyekuja bila udhuru hutozwa faini, na wanawake ndio walio wengi. Tena hawaanzi na ukuta, bali huchimba matuta mashambani kwanza, wakitupa udongo upande wa juu wa mtaro, ndiyo maana matuta hayo huitwa fanya juu. Shamba lisilo na matuta huteremsha udongo mtoni, na bwawa hujaa matope yasiyohifadhi maji.

Mwethya haukuanzishwa na serikali. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hata mwaka 1992, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona udongo wa wilaya hiyo ukichukuliwa na maji, ikatumia amri. Mwaka 1938 ilianza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Wakamba wengi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kudai mifugo yao, na Muindi akahamishwa Lamu. Kazi ya lazima ya kuchimba matuta nayo ilichukiwa. Ila katika miaka ya 1950, watu walipoachwa wafuate desturi yao ya mwethya na kujichagulia viongozi, matuta yalienea upesi, kazi ikaendelea hata baada ya uhuru mwaka 1963. Kama amri ingetosha, isingalihitajiwa nyimbo.

Kwa habari ya chakula, kila siku ni isyo, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi, au muthokoi, ambayo ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda. Mbaazi, kunde, ndengu na mtama hustahimili jua kuliko mahindi, lakini watu hawataki kuyaacha mahindi. Njaa kubwa huko hupewa majina. Ile ya mwaka 1961 huitwa njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kililetwa kwa ndege. Ile ya 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa nikiwa nimeshika, yaani fedha zimo mkononi na chakula hakipatikani dukani.

Siku hizi mchanga umepata mnunuzi. Nairobi inajengwa usiku na mchana, na malori hufika mitoni kutafuta mchanga. Kijana asiye na kazi hulipwa kwa kupakia, na mzee mwenye shamba kando ya mto hupata karo ya mtoto kwa siku moja. Ni vigumu kumlaumu mtu wa namna hiyo. Mama mwenye punda ndiye aonaye hasara, naye hakuulizwa. Ugomvi umekuwa mkali hata watu wameuawa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga, ili usichimbwe wala kuchukuliwa ovyo. Lakini lori lijalo usiku halimsubiri askari.

Mahali palipochimbwa hata mwamba ukaonekana, mto hujaa asubuhi na jioni umekauka. Wanawake wa utui huo huongozana na punda wao kwenda kuomba maji utui wa jirani, na huko huketi kivulini wakingoja wenyeji wamalize zamu yao.