Kifafa cha mimba huanzia kwenye mishipa ya damu

Kama mimba yako imepita miezi mitano na umeanza kuona pete haitoki kidoleni, viatu vinabana na ukiamka uso umevimba, huenda umeshaambiwa na shoga au mama mkwe kuwa hiyo ni kawaida ya mimba. Mara nyingi ni kweli. Miguu ya wajawazito wengi huvimba, hasa kwa joto la Tanga. Lakini upo uvimbe unaotokana na mishipa ya damu iliyoanza kuvuja, na kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa kawaida. Wa kuutofautisha ni muuguzi mwenye mashine ya presha na kipimo cha mkojo.

Tatizo hilo huitwa preeklampsia. Ni hatua inayotangulia kifafa cha mimba, na kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20. Presha ikifika 140/90 au zaidi na protini ikaonekana kwenye mkojo, mama anatakiwa kuwa chini ya uangalizi wa karibu. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura.

Nini hutokea mwilini?

Katika mimba iliyo salama, chembe za kondo la nyuma huingia kwenye mishipa midogo ya mfuko wa uzazi na kuipanua ili damu nyingi imfikie mtoto. Kwa mama mwenye preeklampsia, mara nyingi kazi hiyo haikukamilika. Mishipa hubaki myembamba, kondo hupata damu kidogo, nalo humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoidhuru ngozi laini ya ndani ya mishipa yake mwili mzima.

Ngozi hiyo ina kazi tatu. Huifanya mishipa ilegee, huzuia maji na protini visivuje, na huzuia damu isigande ikiwa ndani ya mshipa. Ikiumia, yote matatu huharibika. Mishipa hukaza na presha hupanda. Maji huvuja na mwili huvimba. Protini hupita kwenye figo na kutoka na mkojo.

La tatu ndilo lisilozungumzwa sana, nalo huua: damu huanza kuganda mahali isipotakiwa.

Kuganda na kuvuja kwa pamoja

Ukijikata kidole, chembe sahani zilizomo kwenye damu hukimbilia kwenye jeraha na kushikana, kisha protini za kugandisha damu hutanda nyuzi juu yake mithili ya wavu wa mvuvi. Kwa mama mwenye preeklampsia kali, chembe hizo huona mishipa iliyoumia kila mahali, zikajibandika kwenye ini, figo, ubongo na hata kondo lenyewe. Mabonge madogo huziba njia. Chembe nyekundu zikijipenyeza kwenye mishipa hiyo iliyosongwa, nazo hupasuka.

Mwili una akiba yenye kikomo. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo la maikrolita moja. Zikishuka chini ya 100,000 daktari huhesabu kuwa ugonjwa umekuwa mkali. Ndiyo maana mama huyohuyo ambaye damu yake inaganda ndani ya ini anaweza kuvuja damu bila kukoma wakati wa kujifungua. Nyavu zimeshatumika kwingine.

Hatari huzidi pale kondo linapobanduka kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama hupata maumivu makali, tumbo huwa gumu na damu inaweza kutoka, au ikabaki ndani isionekane.

Hata kituo kisicho na maabara kubwa kinaweza kupima kuganda kwa damu. Mililita 2 huwekwa kwenye kichupa kikavu cha kioo na kushikwa ndani ya kiganja ipate joto. Isipoganda baada ya dakika 7, mama yuko hatarini.

Dalili zinazofananishwa na mengine

Kichwa kinachouma bila kupoa huku pwani huitwa malaria, na mama hutumwa duka la dawa. Pima malaria, lakini siku hiyohiyo pima na presha. Maumivu chini ya mbavu za kulia hudhaniwa kuwa kiungulia au vidonda vya tumbo, kumbe ini limevimba. Macho kuona giza au vimulimuli si uchovu. Na mama akidondoka na kutupa mikono na miguu, wapo wanaosema amepandwa na mashetani. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Huko atachomwa sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ikiingia, mama huhisi joto mwilini, ndugu msishtuke. Ila kinachoanza kuumaliza ugonjwa wenyewe ni kujifungua na kondo kutoka, ndiyo maana wakati mwingine daktari hushauri mtoto azaliwe kabla ya siku zake.

Ufanye nini?

Anza kliniki mapema, na kila hudhurio uliza: presha yangu ni ngapi, mkojo wangu umepimwa? Kama ni mimba ya kwanza, una mapacha, una kisukari au presha ya zamani, au uliwahi kupata tatizo hili, sema mwanzoni kabisa. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya kiwango kidogo kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie mwenyewe.

Kama unaishi Mkinga, milimani Lushoto au ng'ambo ya Mto Pangani, pangeni mapema usafiri wa usiku na nani ataambatana nawe ukipewa rufaa ya Bombo. Ndugu wajue kundi lako la damu, na wawili watatu wawe tayari kuchangia.

Mwisho, arobaini haimkingi mzazi. Kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua, hasa siku mbili za mwanzo, na wakati mwingine wiki kadhaa baadaye. Mzazi aliyefungiwa ndani akilalamika kichwa au macho, msimkande kwa maji ya moto mkangoja. Mtoeni akapimwe presha. Na uliyepona, ipime kila mwaka, kwa kuwa mishipa iliyowahi kuumia hukuweka karibu zaidi na kiharusi na ugonjwa wa moyo ukubwani.