KCSE: Unadhani uko tayari kwa mtihani wa Kompyuta? Jipime hivi kwanza

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne kama yuko tayari kwa mtihani wa Kompyuta. Wengi watakujibu: "Niko sawa, daftari lote nimelisoma mara tatu."

Hata mimi nilijibu hivyo. Siku mbili kabla ya mtihani wa majaribio, daftari langu lilikuwa limejaa mistari ya rangi. Nikaingia, nikakutana na swali la kubadilisha namba kuwa bainari, kalamu ikagoma. Nilikumbuka hata rangi niliyotumia kwenye ukurasa ule. Hesabu yenyewe sikuiweza.

Nilikuwa nimesoma sana tu. Shida ni kwamba nilijipima kwa kipimo kibaya.

Kwa nini tunajidanganya?

Ukisoma kitu mara ya tatu, kinakuwa chepesi machoni. Wepesi huo unauchukulia kuwa ndio kujua. Lakini kulitambua jibu ukiliona ni jambo moja, na kulitoa kichwani mwako daftari likiwa limefungwa ni jambo jingine.

Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio kuhusu jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala fupi kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama.

Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye, meza ikageuka: wao walikumbuka takriban asilimia 40, wenzao waliojipima wakafika asilimia 61.

Na cha kushangaza, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Mtihani unataka nini hasa?

Kompyuta katika KCSE ina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Mradi hufanywa kwa hatua kabla ya siku ya mtihani. Zinazobaki ni nadharia na vitendo, saa mbili na nusu kila moja.

Kwenye vitendo hakuna anayekuuliza lahajedwali ni nini. Unawekwa mbele ya mashine na kuambiwa uitengeneze. Kwa hiyo kusema "nimesoma" bado hakujibu swali. Swali ni: unaweza kufanya?

Jipime sasa hivi

Funga daftari. Chukua karatasi tupu. Kabla ya kuanza, andika juu ya karatasi unadhani utapata mangapi kati ya manne.

1. Badilisha 45 kuwa bainari.

2. X inaanza ikiwa 1. Rudia mara 4: zidisha X kwa 2, kisha ongeza 1. Mwishoni X ni ngapi?

3. Mweleze mdogo wako tofauti ya RAM na ROM kwa Kiswahili cha nyumbani. Kisha iandike kwa Kiingereza, maana ndicho utakachotumia kwenye mtihani.

4. Ukiwa peke yako kwenye kompyuta, tengeneza lahajedwali ya alama za wanafunzi 10: jumla, wastani, na fomula inayoonyesha nani amepita na nani ameanguka. Usimuulize mtu.

Sasa sahihisha

Swali la 1: jibu ni 101101, yaani 32 + 8 + 4 + 1.

Swali la 2: jibu ni 31. X inapita 3, 7, 15, halafu 31. Ukipata 16, ulisahau kuongeza 1. Ukipata 15, ulisimama raundi moja mapema. Ona kwamba kosa lenyewe linakuonyesha pa kurekebisha.

Swali la 3: kilicho kwenye RAM hufutika kompyuta ikizimwa, cha ROM hubaki. Kama mdogo wako bado anakukodolea macho, hujaelewa vizuri.

Swali la 4: badilisha alama ya mwanafunzi mmoja. Jumla na wastani visipobadilika vyenyewe, uliandika namba badala ya fomula.

Sasa linganisha alama zako na ulichokisia. Ukikisia 4 ukapata 2, pengo hilo ndilo lingekushtua kwenye chumba cha mtihani. Afadhali likushtue leo.

Tia rangi kila mada

Fanya hivyo kwa silabasi nzima:

- Kijani: nimeweza bila msaada.
- Njano: nimeweza, lakini nilichungulia.
- Nyekundu: nimeshindwa.

Usijihurumie. "Nilijua, nimesahau tu" ni nyekundu. Mtahini haoni ulichokijua wiki jana.

Hapa ndipo kujipima kunaokoa muda, hasa kwa shule zenye kompyuta chache. Mkiwa watatu kwenye mashine moja, anayeshika kipanya ndiye anayejifunza. Wengine wanatazama, na kutazama kunadanganya kama kusoma tu.

Basi ingia maabara na orodha yako. Zamu yako ikifika, anza na mada nyekundu zinazohitaji mashine: fomula, hifadhidata, mpangilio wa ukurasa. Kufuatilia programu mstari kwa mstari au kubadilisha namba hakuhitaji hata umeme. Kalamu na karatasi zinatosha, hata bwenini.

Rudia baada ya siku mbili

Usijipime dakika chache baada ya kusoma. Wakati huo kila kitu kinaonekana kijani. Lala, acha siku mbili zipite, kisha rudia kwa maswali mapya.

Mada iliyokuwa nyekundu ikigeuka kijani bila kuchungulia, ivuke uendelee na nyingine. Ikibaki nyekundu, mpelekee mwalimu swali lenyewe na karatasi uliyokosea. Usimwambie tu "sielewi bainari." Mwonyeshe mstari uliokwama.