Tembe za kupevusha yai hazimfai kila mwanamke

Mama mmoja anayeuza nguo za mitumba mjini Kitale alikuja kuniona akiwa na bahasha kubwa ya kaki. Aliifungua na kumwaga makasha manane matupu ya dawa mezani pangu. "Daktari," akaniambia, "nimemeza hizi kwa miezi minane. Rafiki yangu kule Bungoma alizimeza mwezi mmoja tu, akapata mapacha. Mimi nina kasoro gani?"

Nilipompima sikuona kasoro. Hedhi yake ilikuja kila baada ya siku 28 bila kukosa, ishara kwamba mayai yake yalikuwa yakipevuka hata kabla ya kuanza dawa. Ambaye hakuwa amepimwa ni mumewe. Alipokubali hatimaye, ilionekana kwamba mbegu zake za kiume zilikuwa chache mno. Miezi minane na pesa za biashara zilikuwa zimepotea bure.

Nasimulia kisa hiki kwa idhini ya mama huyo kwa sababu si yeye peke yake. Tembe hizi huitwa klomifeni, na wengi huzijua kwa jina la Clomid. Ni dawa inayopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, lakini wapo wanaoinunua madukani kama wanunuavyo dawa ya kichwa, kwa ushauri wa jirani au shemeji.

Yai hupevuka vipi?

Kila mwezi ubongo hutuma homoni inayoamsha mayai machache yaliyo ndani ya ovari. Kwa kawaida moja huyashinda mengine, hupevuka na kutoka, kisha huingia katika mrija unaoelekea kwenye mji wa mimba. Humo mrijani ndimo linamokutana na mbegu ya mwanamume. Yai likikua, ovari hutoa homoni nyingine iitwayo estrojeni, na ubongo ukiiona estrojeni hiyo hupunguza kasi ya kuamsha mayai.

Kwa wanawake wengine mpango huu huvurugika. Hedhi huja baada ya miezi miwili au mitatu, au hupotea kabisa. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni hali ijulikanayo kama PCOS, ambapo ovari huwa na vijifuko vingi vyenye mayai yasiyokomaa. Baadhi ya wanawake hao huota nywele kidevuni, hupata chunusi nyingi, au huongezeka uzito.

Hapa ndipo klomifeni inapofaa. Dawa hii huuzuia ubongo usiione estrojeni. Ubongo hudhani kwamba estrojeni imepungua, nao hutuma homoni zaidi ya kuamsha mayai. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1967, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa tegemeo la madaktari. Humezwa kwa siku tano, kuanzia kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi, na yai hutarajiwa kutoka kati ya siku tano na kumi baada ya tembe ya mwisho.

Siku hizi ipo nyingine, letrozoli, ambayo ilianza kama dawa ya saratani ya matiti. Yenyewe hupunguza utengenezaji wa estrojeni. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka wa 2014, wanawake 750 wenye PCOS waligawanywa katika makundi mawili. Waliopewa letrozoli, karibu 28 kati ya kila 100 walijifungua. Waliopewa klomifeni walikuwa 19. Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2023 unapendekeza letrozoli iwe ya kwanza kwa wenye hali hiyo.

Umeona basi kwamba hata dawa iliyo bora haimpi kila mtu mtoto. Kazi yake ni moja tu: kutoa yai.

Pimeni kwanza, tena wawili

Mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba mbolea ya kukuzia haina faida katika shamba ambalo halikupandwa mbegu. Vivyo hivyo tembe ya kupevusha yai haiwezi kuongeza mbegu za mume, wala haiwezi kuzibua mirija iliyoziba.

Katika nchi zetu, mirija kuziba ni tatizo kubwa. Mara nyingi huletwa na kisonono au klamidia ambazo hazikutibiwa mapema, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Mwanamke aliye na mrija ulioharibika nusu huwa hatarini zaidi, kwani akichochewa mayai anaweza kushika mimba iliyokwama ndani ya mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni na maisha yake huwa hatarini.

Kwa hivyo, kabla ya tembe ya kwanza, mambo haya yafanywe:

Mume apimwe manii. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, na ni vyema awe hajakutana na mkewe kwa siku mbili hadi saba. Upungufu wa upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vyote. Ewe bwana usomaye haya, kuwa na nguvu kitandani si ushahidi kwamba mbegu zako ni nzima.

Mke aulizwe historia ya hedhi yake, apimwe damu kuona kama yai hutoka, na homoni ya tezi ya shingo ichunguzwe. Kipimo cha mimba kifanywe pia. Mirija huchunguzwa kwa picha ya eksirei baada ya dawa maalumu kupitishwa kwenye mji wa mimba.

Aliye na ugonjwa wa ini, uvimbe kwenye ovari ambao haujachunguzwa, au anayetokwa na damu isiyoeleweka, asipewe klomifeni.

Madhara ya kuangalia

Wengi hupata joto la ghafla usoni, maumivu ya kichwa au tumbo kujaa. Hayo hupita. Lakini ukiona ukungu au vimulimuli machoni, acha tembe mara moja na umwone daktari. Tumbo likivimba haraka, ukatapika, ukapumua kwa shida au mkojo ukapungua, huenda ovari zimechochewa kupita kiasi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa hedhi kisha upate maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au uzirai, usingoje asubuhi.

Majina ya Mukhwana na Mulongo hupendeza katika boma la Mbukusu, lakini mimba ya mapacha ina hatari zake: watoto kuzaliwa kabla ya wakati, shinikizo la damu, na kuvuja damu wakati wa kujifungua. Kati ya mimba 100 za klomifeni, saba au nane huwa za mapacha. Anayejiongezea tembe akitamani wawili anacheza na maisha ya watatu.

Aidha, usiendelee zaidi ya miezi sita. Ikiwa mayai yametoka miezi hiyo yote na mimba haikuingia, sababu ni nyingine na itafutwe.

Wakati wa kwenda hospitali

Kama mmekaa mwaka mzima bila kinga na hakuna mimba, nendeni. Mke akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Kama hedhi haiji kwa mpango, nendeni sasa. Anzieni hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, na mkihitaji zaidi mtaelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mke aanze tembe za asidi ya foliki mapema, na aliye mnene ajitahidi kupunguza uzito. Kwa mwenye PCOS, kupungua hata kwa asilimia tano hadi kumi kwaweza kurudisha hedhi.

Rafiki wa yule mama, yule wa Bungoma, alikuwa akiona hedhi mara nne tu kwa mwaka. Tembe zilimfaa kwa sababu tatizo lake lilikuwa yai. Mwenzake alihitaji kitu kingine: mume wa kuketi naye kwenye benchi la hospitali. Sasa wanakuja pamoja, na matibabu yameanza mahali panapostahili.