Sura ya Sita: Saa ya Springi na Hesabu ya Miaka Yake

Saa ya betri anayoiuza machinga pale Makoroboi, Mwanza, inaishinda kwa usahihi karibu kila saa ya springi iliyowahi kutengenezwa. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hata ikiwa ya bei ya chini, kwa kawaida haikosei zaidi ya nusu dakika kwa mwezi. Saa ya springi iliyo nzima kabisa inaweza kukosea hivyo kwa siku moja. Seiko wenyewe wanasema mashine yao ya 4R36, iliyomo kwenye Seiko 5 nyingi za sasa, inaweza kuzidi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi sekunde 35 kwa siku. Saa za Uswisi zinazopewa cheti na taasisi ya COSC hubanwa zaidi, kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuzidi sekunde 6. Bado saa ya machinga inazipita.

Kwa hiyo muuzaji anayeisifia saa ya springi kwa usahihi wake anakuuzia kitu kisichokuwemo. Kilichomo ni mashine inayofunguka. Fundi mwenye bisibisi, kibano, brashi na oili yake anaweza kuivua kipande kwa kipande, akaisafisha, akabadilisha kilicholika na kuirudisha kazini, leo na hata miaka 40 ijayo. Fedha ya ziada unayolipa inalipia uwezo huo. Mnunuzi wa Mwanza, kabla hajauliza saa imetoka nchi gani, aulize ikisimama nani ataifungua, na spea atazitoa wapi.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, nawe ubadilishe tarakimu kwa zile utakazozikuta siku ya kununua. Saa ya kwanza ni otomatiki mpya isiyo na jina la kueleweka, shilingi 80,000. Inatembea miaka miwili, inasimama, na kila fundi anakuambia hawezi kupata mashine kama ile. Imekula shilingi 40,000 kwa mwaka. Ya pili ni Seiko 5 iliyotumika, mashine yake safi, shilingi 180,000. Unaipeleka servisi ya shilingi 40,000 siku ileile, kisha baada ya miaka mitano, kisha baada ya mitano mingine. Kwa miaka 15 umetumia 300,000, yaani 20,000 kwa mwaka, na saa bado inauzika. Ya tatu ni saa ya Uswisi yenye jina kubwa, imetumika, shilingi 1,500,000, na kwa servisi ni lazima isafirishwe Nairobi au Dubai, 400,000 kila mara. Ukiipeleka mara mbili katika miaka 15 umefika 2,300,000. Hata ukija kuiuza kwa milioni moja, kila mwaka wa kuivaa umekugharimu karibu 87,000.

Simkatazi mtu saa ya tatu. Anayeipenda na kuimudu aivae kwa raha. Ila ajue kwamba bei ya dukani ni sehemu tu ya bei, na kwamba makampuni makubwa ya Uswisi yamebana uuzaji wa spea kwa mafundi wasio na mkataba nayo. Fundi wako wa mjini anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wa yeyote unayemjua, na bado akakosa gurudumu moja dogo kwa sababu hana pa kuliagiza.

Ndiyo maana katika sura hii Seiko 5 inapewa nafasi kubwa. Ilitoka mwaka 1963, na tangu hapo imetengenezwa kwa wingi ambao saa chache za otomatiki zimewahi kuufikia. Wingi huo ni faida ya mnunuzi. Saa mbovu ya aina hiyo inakuwa ghala la spea kwa nzima, na fundi aliyeifungua mara nyingi hahitaji muda wa kuisoma. Hali ni hiyohiyo kwa Orient na Citizen za otomatiki, na kwa majina mapya ya Kichina yanayotumia mashine ya NH35, ambayo inatoka kwenye kundi la Seiko na kuuzwa kwa viwanda vingine. Jina usoni unaweza usilijue, lakini mashine inajulikana, na ikishindikana kutengenezwa inatolewa nzima na kuwekwa nyingine. Mimi ningechukua jina nisilolijua lenye NH35 kabla ya jina maarufu lenye mashine ambayo muuzaji hawezi kuitaja.

Sasa geuza Seiko 5 uangalie mgongo wake, maana mgongo unasema mengi kuliko muuzaji. Utakuta namba mbili. Moja ina sehemu mbili zenye kistari katikati, na tarakimu nne za mwanzo ni namba ya mashine: 7009, 7S26, na kadhalika. Nyingine ina tarakimu sita. Ya kwanza kati ya hizo sita ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba ni 0, Novemba ni N na Desemba ni D. Tuseme mashine ni 7S26 na namba inaanza na 83. Saa hiyo ilitoka Machi, mwaka unaoishia na 8. Mashine ya 7S26 ilianza 1996, kwa hiyo ni 1998, 2008 au 2018. Anayekuambia kwamba aliivaa baba yake akiwa karani wa reli mwaka 1975 amekosea, au anataka bei ya 1975.

Kisha igeuze tena utazame chini kabisa ya uso, pale kwenye maandishi madogo karibu na ukingo. Kwa saa nyingi za Seiko utaona namba ya mashine imerudiwa pale. Ikiwa mgongo unasema 7S26 na uso unasema 7009, saa hiyo imeungwa kutoka kwa maiti wawili. Inaweza kutembea vizuri, lakini bei yake iwe ya saa ya kuungwa. Angalia pia rangi. Mumbai kuna kazi kubwa ya kukusanya Seiko za zamani, kuzipaka uso upya kwa rangi kali ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa, na kuzisambaza duniani kama saa za miaka ya 1970. Maandishi yao huwa mazito, herufi zimevimba kingo, na alama za dakika hazikai sawa. Siku za wiki zikiwa kwa Kiarabu na Kiingereza, hiyo peke yake si dosari. Saa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Kiarabu, na Dubai ni mlango wa siku nyingi wa bidhaa za Afrika Mashariki.

Feki kamili ni jambo jingine. Hapo mnunuzi ana sheria upande wake, kwani Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Lakini bila risiti yenye jina la duka na maelezo ya saa, huna cha kushika mkononi. Omba risiti hata kama bei imeteremshwa kwa sharti la kutoidai.

Kuhusu idadi ya vito sitakaa sana. Zile rubi zinazoandikwa usoni ni za kutengenezwa viwandani tangu mwanzo wa karne ya 20, na hazina thamani ya sonara. Kazi yake ni kupokea ncha za magurudumu zisiliwe na msuguano. Saa ya kujaza kwa mkono inatosheka na 17, otomatiki na 17 hadi 25. Miaka ya 1960 baadhi ya viwanda vilijaza rubi hadi 100 ili kuvutia wateja, nyingi zikiwa hazigusi chochote. Usilipe zaidi kwa namba.

Chuma kinastahili jicho kali zaidi. Mwanza ina bahati ambayo watu wa Unguja na Dar es Salaam hawana, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi na upepo wake hauli saa kama upepo wa bahari. Jasho, hata hivyo, lina chumvi yake. Soma mgongo kwa makini. Ukikuta maneno "Stainless steel back", maana yake ni kwamba mgongo peke yake ndio chuma kisichoshika kutu, na mwili wote ni madini laini yaliyopakwa kromi. Kromi huanza kubanduka pale mkanda unapokutana na mwili wa saa, na ikishabanduka hairudi. Saa ya chuma kitupu hung'arishwa ikawa kama mpya. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kunifanya niongeze fedha.

Maji nayo yanadanganya watu wengi. Maandishi ya mita 30 yanatokana na kipimo cha mgandamizo wa maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya. Kwa mvuvi anayevuta nyavu alfajiri kabla ya kuleta samaki mwaloni Kirumba, au kijana anayejirusha ziwani kutoka kwenye jiwe, saa hiyo ni ya kuvuliwa kwanza. Mita 100 ni mwanzo mzuri kwa anayeogelea, mradi ringi ya mpira iliyo chini ya kifuniko ibadilishwe kila saa inapofunguliwa. Ringi hiyo ni spea ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Unyevu uliokwisha kuingia unaweza kuugundua hapohapo kwa muuzaji. Iache saa juani hadi kioo kishike joto la kuhisika. Dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukiona ukungu wa mviringo umebaki chini ya kioo, na hautoki hata ukifuta tena, ndani kuna unyevu, na kutu inakuja au imeshafika. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na hata wenye viwanda hufanya jaribio la namna hii.

Usikubali kununua ya mtumba bila kifuniko kufunguliwa. Nenda na fundi wako, au mwombe muuzaji mkutane kwenye meza ya fundi. Humo ndani tazama vichwa vya skrubu kwanza. Vikiwa vimechubuliwa, saa imepita kwenye mikono ya haraka. Tazama kama kuna madoa ya kahawia karibu na mhimili wa kitufe cha pembeni, maana maji hupenda kuingilia hapo. Gurudumu linalocheza huku na huku lizunguke kwa nguvu bila kusitasita. Na usishtuke ukizungusha kitufe cha 7009 au 7S26 na kuona hakijazi springi. Mashine hizo hazijazwi kwa mkono. Zitikise kidogo, zitaanza.

Tarehe pia ijaribiwe, ila kwa uangalifu. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri meno ya tarehe yameshikana na mashine, na ukiibadilisha kwa kitufe wakati huo unaweza kuvunja jino. Mishale ya saa ya zamani inaweza kuwa popote, usiku kwake ukiwa mchana kwako. Zungusha mishale hadi tarehe iruke yenyewe, ndiyo saa sita usiku yake, kisha endelea mbele hadi mshale mfupi uelekee chini kabisa. Hapo ni saa kumi na mbili asubuhi, na tarehe inabadilishwa bila hatari.

Kuna hali moja ambapo ubaya wa saa ni nafuu kwa mnunuzi. Saa inayokimbia dakika kadhaa kwa siku huwatisha watu, na muuzaji huiuza kwa hasara. Mara nyingi imeshika sumaku tu, kutoka kwenye spika au kifuniko cha simu chenye sumaku. Springi nyembamba inayoongoza lile gurudumu linalocheza huku na huku imegandana, imekuwa fupi, na mapigo yameongezeka kasi. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Isogeze saa karibu na dira. Mshale wa dira ukiyumba kwa nguvu pale karibu na mashine, huenda umepata bei nzuri.

Imebaki saa ya familia, ambayo hesabu ya shilingi kwa mwaka haiielezi yote. Usukumani fedha za pamba, ambazo huenda ndizo zilizonunua saa ya namna hiyo, zilipita kwenye mikono mingi, hasa baada ya kuundwa shirikisho la vyama vya ushirika la VFCU mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ukirithi saa ya kujaza kwa mkono kutoka enzi hiyo, sokoni huenda isifikie hata gharama ya kuitengeneza. Kama unataka kuivaa, itengeneze. Ila mwambie fundi mapema: "Fundi, uso usiguse, mishale usibadilishe." Kusafisha mashine kunaiongezea miaka, lakini kupaka uso upya kunafuta kile ulichotaka kukihifadhi. Patana bei kabla kifuniko hakijafunguliwa, na omba urudishiwe kila kipande kilichotolewa, kwenye karatasi, pamoja na saa yenyewe.