Mpangaji Akiharibu Nyumba, Mwenye Nyumba Adai Nini?

Mpangaji amehama, funguo zimerudishwa, na mwenye nyumba anazunguka vyumbani akikagua: rangi imefifia, bawaba ya kabati imelegea, sinki la jikoni limepasuka. Mara nyingi huamua papo hapo kwamba amana yote haitarudi. Hapo ndipo mzozo huanzia, kwani si kila kilichochakaa kimeharibiwa.

Nchini Kenya, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta. Hata hivyo, hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, majanga ya asili, wala moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake. Rangi iliyofifishwa na jua na bawaba iliyolegea kwa matumizi ya kila siku ni gharama za mwenye nyumba. Sinki lililopasuka kwa kuangushiwa mtungi wa gesi ni gharama ya mpangaji.

Hata mpangaji akiwa na makosa, kinachodaiwa ni hasara, si kitu kipya badala ya kikuukuu. Tuseme kupaka sebule rangi hugharimu Sh18,000, na rangi hiyo hudumu miaka mitatu. Watoto wakiuchorachora ukuta baada ya miaka miwili, kilichopotea ni mwaka mmoja uliobaki. Dai la haki ni Sh6,000. Mwenye nyumba akikata Sh18,000 zote, anamlipisha mpangaji rangi ambayo tayari imemfaa miaka miwili.

Ushahidi wa haya yote huandaliwa siku ya kuingia. Piteni chumba baada ya chumba, mwandike hali ya kila kitu, mpige picha zenye tarehe, kisha nyote mtie sahihi. Siku ya kuhama, ukaguzi ufanyike mpangaji akiwepo, na kila shilingi inayokatwa iwe na risiti ya fundi au ya duka la vifaa.

Amana isipotosha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Si lazima kuwa na wakili. Lakini usishike televisheni ya mpangaji: Sura ya 293 ya Sheria za Kenya inaruhusu kukamata mali kwa malimbikizo ya kodi pekee, tena kupitia dalali mwenye leseni. Anayejichukulia kochi kufidia sinki huenda akageuka yeye mshtakiwa.