Mpira mmoja, wachezaji watano: je, namba moja aushike peke yake?

Na Mwandishi Wetu

Wakazi wa Tunduma hawahitaji kufundishwa maana ya mlango mmoja. Kwa miaka mingi shehena iliyotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, pamoja na shaba iliyoteremka kutoka huko kuelekea baharini, ilisimama hapa ikakaguliwa, kisha ikasimama tena Nakonde na kukaguliwa upya. Ndiyo sababu mwaka 2019 nchi hizi mbili zilifungua kituo cha pamoja cha forodha, ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili. Foleni hazikwisha zote, kama anavyojua kila apitaye barabara kuu, lakini hoja ilikuwa imeeleweka: kila kitu kinaposubiri mkono mmoja, ustadi wa mkono huo peke yake hautoshi.

Hoja hiyo ndiyo inayobishaniwa katika mpira wa kikapu, na inabishaniwa hata katika viwanja vya shule za mkoa wetu wa Songwe, ambako mpira wa miguu ndio mfalme na kikapu ni mgeni anayetafuta mahali pa kukaa. Mchezaji anayeupandisha mpira kutoka nyuma na kuanzisha mashambulizi huitwa na vijana namba moja. Je, mchezaji huyo aushike mpira muda wote timu inaposhambulia, adunde, apime, aamue na kumaliza mwenyewe? Au auanzishe tu, kisha auachie?

Msomaji asiyeujua mchezo huu anaweza kuuliza jambo hili linaihusu nini familia. Linaihusu kwa sababu ya uchache. Timu nyingi za watoto hufanya mazoezi kwa mpira mmoja au miwili, kwenye sakafu ya saruji, katika saa ile fupi iliyo kati ya Alasiri na Magharibi. Mtoto mmoja akiushika mpira nusu ya saa hiyo, wenzake kumi na wawili wamekuja kukimbia tu. Mzazi anayekaa pembeni akampigia kelele mwanawe, "Usimpe, piga mwenyewe!" huenda hajui kwamba anawanyima watoto wa jirani mazoezi yao ya wiki nzima.

Lakini tuanze na haki ya upande wa pili, kwani wanaotetea namba moja mwenye mpira wake si wajinga. Sheria za kimataifa zinaipa timu sekunde 8 tu kuuvusha mpira nusu ya uwanja na sekunde 24 kufikia kurusha. Wapinzani wakikaba uwanja mzima, pasi tatu za wachezaji wenye mikono mizito ni mipira mitatu ya hatari. Ni salama zaidi kumpa mmoja asiyepokonywa. Tena kuna hesabu nyepesi isiyopingika: ikiwa mmoja hufunga mitupo 5 katika 10 na mwenzake hufunga 2, kugawa sawa kwa sawa si uadilifu, ni kuitupa mechi.

Mfano mkubwa wa hesabu hiyo ni James Harden. Mwaka 2016 kocha Mike D'Antoni alimkabidhi kazi ya uchezeshaji katika timu ya Houston Rockets ya Marekani, na msimu huohuo akaongoza ligi ya NBA kwa pasi za mabao, wastani wa 11.2 kwa mechi. Msimu uliofuata Houston ilishinda mechi 65 za msimu wa kawaida, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora. Msimu wa 2018-19 alifunga wastani wa pointi 36.1. Nambari kama hizo hazipatikani kwa bahati. Mtu alisimama juu ya mstari wa pointi tatu, akadunda, akamtazama mlinzi wake hadi akayumba, kisha akapita au akarusha, na wenzake wanne walisimama pembeni wakingoja.

Neno "wakingoja" ndilo lenye kasoro.

Mwaka 2018 Houston ilifika mechi ya saba ya fainali ya Kanda ya Magharibi dhidi ya Golden State Warriors, nyumbani kwake, ikaongoza kwa pointi 11 wakati wa mapumziko. Kisha mitupo ya pointi tatu ikakataa kuingia, 27 mfululizo, na mechi ikapotea. Ni kweli kwamba Chris Paul, mchezeshaji mwenzake Harden, alikuwa majeruhi, na anayeisimulia mechi ile bila kumtaja hatendi haki. Hata hivyo, tazama ulikuwa ushambuliaji wa aina gani: timu iliyozoea kumtegemea mtu mmoja haikuwa na njia ya pili ya kutafuta bao jepesi pale miguu yake na ya wenzake ilipochoka.

Na kuchoka ndiko ninakokuona kuwa kiini cha suala zima, kuliko ubinafsi unaosemwa sana. Mdundaji anayekaa na mpira sekunde 18 hawachoshi walinzi watano. Anamchosha mmoja, na yeye mwenyewe. Walinzi wanne waliobaki wanapumzika. Wanaacha nafasi zao nusu hatua, wanasogea kuziba njia ya kikapu, kwa sababu wanajua mpira hautaondoka. Upande wake mwenyewe, mrushaji aliye kwenye kona mikono inapoa. Akija kupata mpira wa kwanza dakika ya tisa, hurusha kama mtu aliyeamshwa usingizini. Jambo la tatu huonekana upande mwingine wa uwanja: asiyegusa mpira hurudi kukaba kwa kutembea. Makocha humkemea kwa uvivu, nami naona chanzo mara nyingi hakiko kwake.

Mwaka 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, jina la pili kutajwa lilikuwa la Mtanzania, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyepitia Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchukuliwa na Memphis Grizzlies. Jina la tatu lilikuwa la huyohuyo James Harden. La saba lilikuwa la Stephen Curry, aliyekwenda Golden State. Katika majina saba ya usiku mmoja tunazo namna tatu za kuishi na mpira. Thabeet, mwenye urefu unaozidi meta 2.2, ni senta: mchezaji wa aina yake huishi kwa pasi, hana njia ya kujipatia riziki ikiwa namba moja hataki kumtazama. Harden akawa mwenye mpira. Curry, ambaye kwa maumbile na ustadi angeweza kuushika mpira kama Harden, alichukua njia ya tatu. Tangu Steve Kerr awe kocha mwaka 2014, Curry mara nyingi huupandisha mpira, humpa Draymond Green aliye mshambuliaji, kisha hukimbia. Huzunguka wenzake, hujificha nyuma ya migongo yao, hutokea kona asikotazamiwa. Walinzi wawili humfuata mtu asiye na mpira, na mwingine anabaki huru chini ya kikapu. Golden State ilitwaa ubingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Nadhani hapo ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba anayeachia mpira anapungukiwa na ukubwa. Curry asiye na mpira huwatia hofu walinzi kuliko wachezaji wengi wenye mpira mkononi.

Wasomaji wetu watafurahi kukumbushwa kwamba Houston hiyohiyo ilikuwa bingwa mwaka 1994 na 1995, nayo haikuwa na namba moja aliyehodhi mpira. Ilikuwa na Hakeem Olajuwon, Mwislamu mzaliwa wa Lagos. Mchezeshaji Kenny Smith aliupandisha mpira, akampelekea Olajuwon karibu na kikapu, kisha akaenda kusimama mahali pake. Wapinzani wakimwacha Olajuwon na mlinzi mmoja, alimaliza mwenyewe. Wakimzonga wawili, aliurudisha mpira nje kwa mrushaji aliyebaki huru. Februari 1995 alicheza akiwa amefunga Ramadhani na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo. Mtu aliyefunga mchana kutwa ana sababu ya kuuthamini mpira unaokimbia kuliko miguu inayokimbia, ingawa, Allah ndiye ajuaye, pengine Olajuwon angecheza vilevile hata baada ya kufuturu.

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawahimiza, na akasema yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili ukasita kurusha, kwa kuwa hawakuona vipi washindane na upande alio nao yeye. Hapo akawaambia waendelee, naye yuko pamoja nao wote. Sitaki kuifanya Hadithi hii kuwa kanuni ya mpira wa kikapu. Wanazuoni wana mafundisho makubwa zaidi ya kutoa humo, na kuna tabia mbaya ya kulitafutia kila jambo dogo ushahidi wa dini. Nataja tu kwamba mikono ya watu iliposimama, aliona imesimama, na akataka ifanye kazi tena.

Kwa watoto wetu, basi, hukumu yangu ni hii. Katika timu ya watu wazima inayocheza kwa ajili ya ubingwa, kocha ana haki ya kumpa mpira anayemwamini, hasa sekunde za mwisho. Katika timu ya watoto walio chini ya miaka 15, sioni udhuru. Mtoto mfupi mwenye mikono myepesi hufanywa namba moja akiwa darasa la tano, na mtoto mrefu hupelekwa chini ya kikapu na kuambiwa asidunde kabisa. Miaka minne baadaye mfupi amerefuka na hajui kucheza akiupa kikapu mgongo. Mrefu amepitwa na wenzake kimo na hajui kudunda. Giannis Antetokounmpo, mwana wa Wanigeria aliyezaliwa Ugiriki, ana urefu wa meta 2.11 na huupandisha mpira mwenyewe. Mwaka 2021 aliipa Milwaukee ubingwa. Kama mwalimu wake wa kwanza angemzuia kudunda kwa sababu ya kimo chake, hilo lisingetokea.

Kwa mabinti hali ina uzito wa ziada. Shirikisho la kimataifa, FIBA, liliwazuia wachezaji wa kulipwa kuvaa hijabu uwanjani hadi lilipobadilisha sheria, na ruhusa ikaanza kutumika Oktoba 2017. Miongoni mwa waliopigania ruhusa hiyo ni Bilqis Abdul-Qaadir wa Massachusetts, mlinzi mchezeshaji mfupi aliyefunga pointi 3,070 akiwa shule ya sekondari, rekodi ya jimbo zima kwa wavulana na wasichana. Mlango ule haukufunguliwa kwa ajili ya mchezaji mmoja hodari katika kila timu. Binti wa Tunduma au Vwawa aliyepata idhini ya wazazi wake, akapata mavazi ya stara, akamaliza kazi za nyumbani mapema ili afike mazoezini, kisha akarudi bila kugusa mpira zaidi ya mara mbili, hatarajiwi kurudi wiki ijayo. Huyo hupotea kimya. Hakuna anayeandika jina lake.

Mzazi naye asiwe mwepesi wa kumwita mtoto wake mchoyo. Mara nyingi mtoto anatii agizo la kocha, au anaogopa kwamba mwenzake ataupoteza mpira na lawama itamrudia yeye. Amuulize kwanza. Na akitaka kusema jambo na mwalimu, aseme baada ya mazoezi, wakiwa wawili, kwa adabu anayostahili mwalimu anayejitolea jioni zake.

Mwalimu mwenye mpira mmoja anayo dawa ya zamani kuliko zote. James Naismith alipoubuni mchezo huu Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, aliandika sheria 13, na mojawapo ilimkataza mwenye mpira kukimbia nao: aurushe kutoka pale alipoudakia. Kudunda kulikuja baadaye. Mazoezi ya dakika 15 kwa sheria hiyo hayahitaji fedha wala vifaa. Timu mbili, hakuna kudunda, na bao halihesabiwi mpaka watano wote wawe wameugusa mpira. Dakika za mwanzo zitakuwa fujo tupu, mipira itatoka nje, na namba moja atakuwa wa kwanza kulalamika. Mwalimu avumilie wiki mbili. Kisha aruhusu kudunda mara mbili kwa kila mchezaji, baadaye mara tatu, na msimu wa mashindano ya UMISSETA ukikaribia aondoe kikomo na atazame ni nani sasa anayeuomba mpira.